Ini la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu namfahamu kwa ndani kuliko mtu yeyote aliye hai. Najua ini lake lina umbo gani, wengu wake ulivyokuwa umefura, na damu yake inapita wapi kwa mwendo gani. Lakini tumbo lake, yaani ngozi yenyewe, sijaliona mpaka leo, na nikijaliwa sitaliona. Naeleza ilivyokuwa kwa sababu kazini kila mtu anaisimulia kwa namna yake, na wengi wameipindisha mpaka mimi mwenyewe siitambui.

Mimi ni mpimaji wa ultrasaundi. Nafanya kazi kwenye chumba kisicho na dirisha, taa zimezimwa ili kioo cha mashine kionekane vizuri, ndiyo maana wenzangu wananiita Mzee wa Giza ingawa uzee wenyewe haujafika. Sipendi majivuno, ila kujishusha bure nako sikuwezi: kazi hii naijua. Kinachonichosha ni utani wa wagonjwa. Mwanamume mzima analetwa kupimwa figo, analala pale na kuniuliza kama ni wa kike au wa kiume. Kila wiki hakosekani wa namna hiyo, na kila mmoja anadhani ameubuni yeye.

Mama mkwe ni mkulima wa mboga. Matuta yake yako kando ya mfereji, na tangu usichana wake amekuwa akiingia majini kuzoa tope na kugawa maji, tuta kwa tuta. Huko majini ndiko alikopata kichocho, kile cha utumbo. Minyoo yake hutaga mayai kwenye mishipa ya tumbo, mayai yanachukuliwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, na pale yalipokwama pananyanyuka kovu. Mama hakujua lolote. Hakuumwa, hakukonda, alibeba ndoo zake kama kawaida. Halafu siku moja akiwa anapalilia akahisi kichefuchefu, akainama, akatapika damu mbichi kiasi cha kutisha.

Madaktari walimwingiza kamera kooni, wakakuta mishipa ya koo la chakula imevimba, wakaifunga kwa vipira vidogo, wakampa vidonge vya kupunguza msukumo. Akatulia kwa muda. Kisha akatapika tena, na safari hii tulimfikisha hospitali mikono imekuwa ya baridi, mke wangu analia njia nzima.

Watu nao wakaanza yao. Wakisikia ini wanawaza pombe. Wakanong'ona kwamba bibi anakunywa kwa siri, ndiyo maana hapendi wageni jioni. Mama mkwe wangu huyu, ambaye hata juisi iliyochacha anaimwaga na chupa anaitupa! Nilimfuata mmoja wa wanong'onaji hao hadi dukani kwake, nikampa darasa la kichocho mbele ya wateja wake mpaka akaomba yaishe. Sijutii.

Sasa niseme neno moja kuhusu ini, maana bila hilo hamtanielewa. Ini linaletewa damu na mishipa miwili. Mmoja ni mkubwa na wa polepole, unakusanya damu kutoka kwenye utumbo na wengu, ukiwa umebeba kila tulichokula. Huo tunauita mshipa wa lango. Mwingine ni ateri, mwembamba na wenye haraka, unatoka upande wa moyo. Kwa mtu mzima wa afya sehemu kubwa ya damu ya ini huja na huo wa polepole. Makovu ya kichocho yanabana matawi ya mshipa wa lango, damu inakuta njia nyembamba, msukumo unapanda nyuma yake. Wengu unafura. Damu iliyokosa nafasi inachepuka kwenye vimishipa vya tumbo la chakula na koo, ambavyo havikuumbwa kwa mzigo huo, vinatanuka, na siku moja vinapasuka.

Mama nilipomweleza hayo, tukiwa sebuleni kwangu alikokuja kuuguzwa, alinisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kiti kama kawaida yake ninapokuwepo.

"Kwa hiyo mfereji umejaa tope," akasema, "na maji yanakata kingo."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Basi wazoe tope."

"Tope lenyewe halizoleki, mama. Ila wanaweza kupunguza maji yanayoingia, na kuziba pale kingo zilipokatika."

Huo ndio ulikuwa mpango wa daktari wa upasuaji. Daktari huyo si wa hapa kwetu. Anakuja kwa majuma machache, anapasua waliopangwa, anarudi kwake, na kuja tena ni baada ya miezi mingi. Manesi wanamwita Mkimya, kwa sababu anaweza kumaliza raundi ya wodi nzima bila kutoa maneno ya kujaza kijiko. Alitaka kuutoa wengu na kuifunga ile mishipa iliyochepuka. Lakini kwanza alitaka kipimo cha dopla, kile kinachoonyesha damu ikitembea. Alitaka uhakika kwamba mshipa wa lango uko wazi na damu yake bado inaingia kwenye ini.

Kipimo hicho hapa kwetu wanaokiweza ni wawili tu. Mimi, na mwenzangu mmoja wa kike, mdogo kwangu, ambaye tunamwita Kasi kwa jinsi anavyomaliza foleni wakati chai yake bado ina moto. Mke wangu alidhani jambo ni rahisi.

"Mama, mkwe wako mwenyewe ndiye atakayekupima," akamwambia.

Mama akavuta mtandio mpaka kidevuni. "Mkwe wangu anione tumbo? Bora hiyo damu initoke yote."

Msimcheke. Mimi na mama mkwe tumeishi kwa adabu miaka yote ya ndoa yangu. Yeye ananiita baba, mimi namwita mama, tunasalimiana kwa ncha za vidole, na chumba alicholala sijawahi kukanyaga. Sikuona ubaya wowote katika hilo. Kwa hiyo nikasema apimwe na Kasi, nami siku hiyo nikabaki nyumbani nikirekebisha mlango wa jiko, ili hata kwenye korido tusikutane.

Majibu yakaja mabaya. Mkimya alimwita mke wangu na mimi kwenye kile chumba kidogo cha kando ya wodi chenye meza na viti vitatu.

"Damu ya mshipa wa lango inarudi nyuma," akasema. "Haiingii kwenye ini, inatoka. Ini lililofika hapo linaishi kwa ateri peke yake. Nikimlaza mezani, sitegemei aamke."

"Kwa hiyo?" mke wangu akauliza.

"Aendelee na vidonge."

Alisema hivyo bila ukatili. Vidonge ndivyo alivyokuwa akimeza alipotapika mara ya pili. Kila mtu mle chumbani alilijua hilo. Tulitembea hadi nyumbani, na mama tulimkuta anakunja nguo zake. Alikuwa ameshajua, kwa kutuangalia tu. Akaanza kumwelekeza binti yake miche ipi ihamishwe kwanza na jirani yupi asipewe zamu ya maji kwa sababu hawezi kufunga mlango wa mfereji. Akaongea kwa utulivu kabisa, mpaka mke wangu akatoka kwenda kulilia bafuni. Mimi nikashindwa hata kukaa.

Asubuhi yake nikaenda kwa Kasi. Naapa sikwenda kugombana. Nilitaka tu kusikia kwa mdomo wake alichokiona, kama mtu anavyotaka kusimuliwa na aliyekuwepo. Nilimkuta anafuta kitanda.

"Pole, kaka," akasema. "Nilitamani niseme kingine. Mshipa wa lango bluu tupu, mstari wote uko chini. Unarudi nyuma waziwazi."

"Na ateri?"

"Ateri haina tatizo. Imetulia vizuri tu."

Nikamtazama. "Rudia."

"Imetulia. Ya kawaida kabisa. Nini sasa?"

Sasa hapa ndipo kazi yangu ilipo. Ini haliwezi kuuamrisha mshipa wa lango. Linapokea kinacholetwa, kingi au kidogo. Lakini ateri linaiamrisha. Kuna kemikali inayotolewa muda wote pale ateri na matawi ya mshipa wa lango yanapokaa pamoja. Damu ya mshipa wa lango ikipita kwa wingi inaisomba kemikali hiyo, na ateri inabaki imebana. Damu hiyo ikipungua, kemikali inajikusanya, ateri inalegea, inatanuka, na kuleta damu zaidi. Haifidii yote, lakini inajitahidi, na kujitahidi kwake kunaonekana kwenye mashine. Mtu ambaye mshipa wake wa lango umegeuka kweli, mara nyingi utakuta ateri yake imenenepa na inakimbia.

"Kasi," nikasema, na sauti ilikuwa imeshaanza kupanda, "mama wa nyumba ameacha kuleta chakula, anakitoa nje kwa mlango wa nyuma, halafu baba amekaa barazani anachokonoa meno?"

"Una maana gani?"

"Nina maana hadithi zako mbili hazipatani! Kama damu inarudi nyuma, ateri haina ruhusa ya kutulia. Na kama ateri imetulia, basi mshipa huo unalilisha ini vizuri. Kabla yake ulimpima nani?"

Akafikiri. "Mzee mmoja aliyepooza upande. Nilimpima mishipa ya shingo."

Tukatazamana, na nikaona uso wake unabadilika kabla sijasema kitu. Ngoja niwafafanulie. Kwenye dopla, damu inayokuja kuelekea kwenye kifaa tunachokishika mkononi inapakwa rangi nyekundu, inayokimbia kifaa inapakwa bluu. Mashine haijui kitu kingine. Lakini kwenye shingo, wapimaji wengine, na Kasi ni mmoja wao, wanapenda ateri ionekane nyekundu kama kwenye vitabu, kwa hiyo wanabonyeza kitufe cha kugeuza rangi. Nyekundu inakuwa bluu, bluu inakuwa nyekundu, mstari wa juu unashuka chini. Ukimaliza shingo unatakiwa kukirudisha. Usipokirudisha, mgonjwa anayefuata damu yake yote itaonekana inakwenda kinyume.

"Ulikirudisha?"

"Nadhani nilikirudisha."

"Unadhani?"

"Usinipigie kelele, kaka. Foleni ilikuwa imefika mlangoni."

"Na ateri ulipoiona ilikuwa rangi gani? Ateri haigeuki, Kasi. Ateri hata dunia ipinduke inaingia kwenye ini."

Akafumba macho kukumbuka. Akayafumbua. "Bluu," akasema kwa sauti ndogo. "Nayo ilikuwa bluu. Nikaangalia mwendo wake tu, sikujali rangi."

Picha zenyewe hazikuwepo tena. Mashine yetu kumbukumbu ikijaa inajifutia ya zamani, na tangu kipimo cha mama ilikuwa imeshajifutia. Kwa hiyo tulibaki na kumbukumbu ya Kasi na hasira yangu, na kwa vitu hivyo huwezi kumlaza mtu mezani. Nilitaka kwenda kwa Mkimya peke yangu. Kasi akavua glavu, akazitupa kwenye ndoo, akasema twende wote, tena yeye ndiye atakayesema. Hilo nampa heshima yake mpaka kesho.

Mkimya alikuwa ananawa mikono. Kasi akamwambia bila kuzunguka: inawezekana nilikosea, inawezekana rangi zilikuwa zimegeuzwa.

"Kwa 'inawezekana' mimi sipasui," akajibu. Akakausha mikono, kidole kwa kidole. "Kesho asubuhi, kabla sijafunga orodha. Nataka kuiona damu ikipita mbele ya macho yangu. Na nyie wote wawili muwe kwenye mashine, asiwe mmoja."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyoosha mabega. Nikamweleza mama kila kitu, rangi, kitufe, ateri. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ini langu huenda linakula," akasema.

"Mimi nasema linakula, mama."

"Basi yule binti anipime tena."

"Daktari anataka tuwe wawili. Anataka na mimi niwepo."

Akaukunja uso. "Baba, mimi nimekuheshimu. Na wewe niheshimu."

"Mama, hiki ni kitu cha kufa na kupona!"

"Nimesikia. Nimekataa."

Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara kadhaa, nikiongea peke yangu kama kichaa. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa nampenda. Mtu anaweza kupona, na anachokataa ni mimi kuliona tumbo lake! Niliporudi ndani nilikuta mke wangu amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Nikuulize kitu," akasema. "Hicho kinachopita juu ya tumbo kimeungwa na mashine kwa waya?"

"Ndiyo."

"Waya mrefu?"

"Mrefu kiasi. Kwa nini?"

"Kwa hiyo anayeshika siyo lazima awe anayeangalia."

Miaka yote ninajisifu na giza langu, na lililo wazi namna ile nilikuwa silioni.

"Pazia liwe mpaka chini," mama akasema.

Pazia la chumba chetu ni la kijani, la siku nyingi, limefuliwa mpaka limekuwa jepesi kama chujio la chai. Asubuhi ile tulilivuta kati ya kitanda na mashine. Upande wa kitanda kulikuwa na mama, Kasi, na mke wangu kama askari wa mpakani. Upande wangu nilikuwepo mimi kwenye kiti changu, mashine mbele, waya umepita chini ya pazia, na nyuma yangu Mkimya amesimama. Taa zikazimwa. Mwanga wote mle ndani ukabaki wa kioo, na wote ulikuwa usoni kwangu.

"Mama, umeamkaje?"

"Salama, baba. Fanya kazi."

Nikasikia jeli inaminywa, na mama akashtuka kwa ubaridi. Kioo kikaanza kuonyesha ukungu wa kijivu.

"Panda juu, katikati ya mbavu," nikamwambia Kasi. "Kulia kidogo."

"Kulia kwangu au kwa mgonjwa?"

"Kwa mgonjwa, Kasi, tangu lini nikasema kwako?"

"Basi mimi nilikuwa kwako wewe."

"Kwangu kuna ukuta!"

"Mnapima au mnajenga?" mama akauliza kutoka upande wa pili, na mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu majibu yale yatoke.

Halafu likaja. Ini la mama mkwe, kingo zake, makovu yanang'aa kuzunguka matawi kama ukoka mweupe pembeni ya njia, na katikati yake mshipa wa lango, mpana, mweusi, uko wazi. Hakuna damu iliyoganda ndani. Mpaka hapo mkono wangu ulikuwa mwepesi.

"Kabla sijaweka rangi," nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "naangalia kipimo cha rangi pembeni. Nyekundu iko juu. Bluu iko chini. Kitufe hakijaguswa. Daktari, umeona?"

"Nimeona."

"Mama, vuta pumzi. Ishikilie."

Ninajiamini, nimeshasema. Lakini kidole changu kilipokuwa juu ya kitufe cha rangi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwenye chumba kile. Kama ingetoka bluu, basi nilikuwa nimemrudishia mama tumaini ili kumpokonya mara ya pili, tena nikiwa nimemlazimisha ajilaze mbele ya wanaume wawili na kitambaa kimoja. Nikabonyeza.

Mshipa ukajaa nyekundu, kutoka ukingo hadi ukingo, damu ikimiminika kuingia ndani, na pembeni yake ateri, nyembamba, nyekundu vilevile, inameta kwa kila pigo la moyo. Nikafungua sauti. Mshipa wa lango una sauti ya upepo unaopita chini ya mlango, hauna pigo, unavuma tu. Ukavuma chumba kizima.

"Ni nini hicho?" mama akauliza.

"Ni damu yako, mama."

"Inakwenda wapi?"

"Inaingia," nikasema. "Inaingia kwenye ini, mama. Yote inaingia."

Nikajifuta uso kwa kiwiko, maana jasho lilikuwa limenijaa. Chumba kile hakina hewa. Mkimya akainama karibu na bega langu.

"Ateri," akasema.

Nikaweka alama juu ya ateri, mistari ikaanza kuchoreka, ya upole, haina pupa, ateri ya ini lisilo na njaa. Wengu ule uliofura ulikuwa unasukuma damu nyingi mno, na licha ya makovu yale yote, ini bado lilikuwa linapata sehemu yake. Hadithi mbili zikawa moja. Mkimya aliangalia kwa muda, kisha akanyooka.

"Wa kwanza kwenye orodha," akasema, akatoka.

Kasi akakaa sakafuni hapohapo, kifaa bado mkononi, akilia na kucheka. Mke wangu akawa anamfuta mama jeli huku akimshukuru Mungu na mimi na waya. Mimi nikabaki nimekaa. Kisha kwenye ukingo wa pazia ukatokea mkono, mkono wa mkulima, kucha zimejaa udongo usiotoka kwa sabuni yoyote. Ukapapasa hewani ukautafuta wangu. Nikaushika. Haikuwa salamu ya ncha za vidole. Aliukamata mkono wangu wote, akaubana, akauachia, na ukarudi ulikotoka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wengu uliotolewa nesi alisema ulikuwa saizi ya mto wa kulalia, na mama alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa nani amefungulia maji asubuhi ile. Hajatapika damu tena. Kuingia mfereji bila viatu virefu vya mpira amekatazwa, na viatu hivyo amevilalamikia kuliko kidonda chenyewe. Vidonda vya ndani vinapona kwa taratibu zake, na makovu ya ini yatabaki, hilo nilimwambia waziwazi. Alisema hata shamba lina mawe yake na mboga zinaota.

Baada ya majuma kadhaa akaletwa kwa kipimo cha kurudia, maana wengu ukishatolewa lazima tuhakikishe damu haijaganda kwenye mshipa wa lango. Alikuja na mfuko mkubwa begani, hakutaka mtu amsaidie kuubeba. Tukavuta pazia, Kasi akashika kifaa, mimi nikakaa kwenye kioo. Kitufe nilikitazama mara mbili, na Kasi alikitazama mara tatu.

Mshipa wa lango ulikuwa wazi, mwembamba kuliko mwanzo, mtulivu. Na ateri, ile iliyokuwa haina pupa, safari hii ilikuwa imefunguka, inaleta damu zaidi. Wengu haupo tena kumimina mzigo wake, mshipa wa lango unaleta kidogo, na ateri imeona pengo ikaingia kuliziba. Hakuna aliyeituma. Nililiangalia ini lile likijipangia mambo yake nikafurahi mno.

"Mama," nikasema, "linajua kazi yake."

"Lazima lijue," akajibu. "Ni langu."

Alipokwisha kuvaa alitoka upande ule akiwa na mfuko wake, akaufungua juu ya kiti changu. Lilikuwa pazia. Jipya, zito, la rangi ya udongo, limepindwa kwa mkono na kushonewa pete za chuma juu.

"Mama, hili la nini? Hospitali ina pazia."

"Hilo la hospitali lina tundu, baba. Usawa wa macho, pale nilipolazwa. Giza lilikuwa kwangu, mwanga wote kwako." Akanitazama moja kwa moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Siku ile nilikuona unalia."

Kasi akageukia ukutani. Mke wangu akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake ambao haukuwa na kitu.

"Lilikuwa jasho, mama," nikasema.

"Najua," akasema mama mkwe, na akaniwekea pazia mikononi. "Ndiyo maana nimelishona zito. Utoe jasho lako kwa nafasi, mwanangu."